Daftari la Maboksi ya Kuazima

Kwenye droo ya duka langu hapa Miyuji kuna kaunta buku la kwaya tatu ambalo jalada lake lilishatoka zamani. Linakaa humo pamoja na futikamba, penseli nyekundu na vipande vitatu vya vigae ninavyotumia kulinganisha rangi. Kila mstari wa daftari hilo una tarehe, duka lililochukua, idadi ya maboksi, saizi, namba ya bechi, na mwisho tiki. Tiki maana yake mzigo umerudi. Bei haipo hata mstari mmoja.

Kwa asiyeijua biashara hii nieleze kidogo, maana bila hapo mengine hayatashikika. Mtu anajenga. Amepima sebule, akanunua vigae vya sentimita 60 kwa 60, vinne kwa boksi, yaani boksi moja linafunika mita za mraba 1.44. Kapiga hesabu yake vizuri, kaongeza na boksi moja la tahadhari. Fundi anaanza kupanga. Pembeni anakata, viwili vinapasuka, kimoja kinamponyoka. Jioni imebaki kona ya mlango na maboksi yamekwisha. Mteja anarudi kwangu, na mimi mzigo ule nimeshaumaliza. Ninayo krimu nyingine, jina lilelile, kiwanda kilekile, ila ilichomwa siku nyingine. Ukikishika kimoja mkononi huoni kitu. Kipange karibu na vile vya kwanza, sebule imepata doa ambalo mwenye nyumba ataliona kila asubuhi mpaka uzee wake. Dawa ni namba ya bechi. Nampigia jirani, jirani anampigia wa ng'ambo ya barabara, na mahali fulani kati ya Mailimbili na Mipango maboksi mawili ya bechi ile yanapatikana. Nayachukua. Siku na yeye akikwama, atakuja kwangu.

Hiyo ndiyo asili ya umoja wetu sisi wauza vigae wa huku. Hauna usajili wala ofisi. Una kundi la WhatsApp, kibubu cha misiba, na daftari hili. Mimi ni katibu kwa sababu moja tu: mwandiko wangu unasomeka.

Baada ya mgomo wa Juni 2024 wenzangu walisema sasa basi, tusajiliwe, na ili tusajiliwe tuwe na katiba. Kazi ya kuiandika ikaniangukia. "Na mwanzoni, dada katibu, utuwekee historia kidogo," akasema mzee wetu mwenyekiti. "Katiba isiyo na historia inaonekana kama ya watoto." Nikadhani ni kazi ya Jumapili mbili. Imenichukua miezi, na sehemu kubwa ya niliyoyaokota haiingii kwenye katiba. Ndiyo maana nayaleta hapa kwenye blogu, kwa watu wanaosoma vitu vya namna hii bila kulipwa.

Jambo la kwanza lililonishangaza ni hili: historia ya vyama vya wafanyabiashara nchini kwetu, kadiri ilivyoandikwa, ni historia ya milango iliyofungwa. Maduka yakiwa wazi hakuna anayeandika. Yakifungwa, serikali inaandika, magazeti yanaandika, na baada ya miaka wanahistoria wanakuja kusoma yaliyoandikwa. Mtu anayefuata nyayo za wauza duka kupitia makaratasi atadhani kazi yetu ilikuwa kufunga.

Mlango mkubwa wa kwanza ulifungwa mwaka 1923. Waingereza walikuwa ndiyo kwanza wamekabidhiwa Tanganyika baada ya vita, gavana akiwa Sir Horace Byatt, na serikali ilihitaji fedha. Zikaja sheria kwa mkupuo: leseni za biashara, leseni za wachuuzi, na kodi ya faida. Ndani ya mkupuo huo kulikuwa na sharti kwamba vitabu vya hesabu viandikwe kwa lugha ambayo mkaguzi angeweza kuisoma. Wenye maduka wengi walikuwa Wahindi, na vitabu vyao vilikuwa vya Kigujarati. Kupitia Indian Association wakaitisha hartali, neno ambalo wakati huo Gandhi alikuwa ameshalifanya lijulikane kwao India, na maduka yakafungwa Dar es Salaam na katika miji ya ndani kwa zaidi ya mwezi mzima. Dodoma ya wakati ule ilikuwa mji mdogo uliozaliwa na reli ya Wajerumani, iliyofika hapa mwaka 1910, na mji wa namna hiyo bila maduka ya Wahindi unabaki stesheni na vumbi. Wengi wanaikumbuka hartali ile kama ugomvi wa kodi. Kodi ilikuwemo, sikatai, na kodi yenyewe haikudumu miaka mingi. Mimi lakini nimekaa sana kwenye lile sharti la lugha.

Kwa nini mtu afunge duka mwezi mzima kwa sababu ya lugha ya daftari? Jibu la haraka ni gharama: utamlipa karani anayejua Kiingereza, na faida ya duka la kijijini haimtoshi karani. Hilo ni kweli. Ila daftari la Kigujarati lilikuwa zaidi ya hesabu. Wafanyabiashara Wahindu wa Kigujarati hadi leo hulifanyia ibada daftari jipya wakati wa Diwali. Na ndani yake mlikuwa na mnyororo mzima wa watu. Mfanyabiashara mkubwa wa Unguja au Dar es Salaam alimpa bidhaa kwa mkopo mwenye duka la bara. Mwenye duka akampa mteja wake nguo mpaka msimu wa mavuno. Karanga na ufuta zikirudi, mnyororo unalipwa kuanzia chini kwenda juu. Kwenye mnyororo huo mlikuwa na hundi, ahadi iliyoandikwa kwenye karatasi na kuaminiwa kwa sababu mwandishi na msomaji walijuana, au walijuana na mtu aliyewajua wote wawili. Mkaguzi akiingia humo na lugha yake hasomi faida tu. Anasoma nani anamwamini nani.

Sisi wa leo tumerithi maneno ya daftari lile bila kurithi daftari lenyewe. Duka lenyewe ni neno lililotufikia kwa njia hiyohiyo ya Bahari ya Hindi. Hundi tunayo, ingawa sasa inatoka benki. Laki tunayo, na hakuna muuza vigae Dodoma anayesema "shilingi mia moja elfu". Ni laki, laki na nusu, laki mbili kasoro. Na tunalo neno bepari, ambalo nitalirudia mbele kidogo, kwa sababu safari yake inanihuzunisha.

Waafrika nao walikuwa wapi? Walikuwa wanauza, lakini kwa mkono mmoja umefungwa mgongoni. Serikali ya kikoloni ilikuwa na sheria ya kuzuia mikopo kwa wenyeji. Kwa maneno walisema inamlinda Mwafrika asizame kwenye madeni. Kwa vitendo, muuza jumla aliyempa Mwafrika bidhaa kwa mkopo alijua hana uhakika wa kumdai mahakamani, hivyo hakumpa. Biashara ya duka bila mkopo wa bidhaa ni kama kupika ugali bila moto. Unauza mfuko mmoja wa chumvi, unaenda kununua mwingine, siku imekwisha.

Ndipo anaingia Erica Fiah, na kama wewe ni mpenzi wa historia ya uandishi wa Kiswahili jina hili unalijua kwa mlango mwingine. Alikuwa Mganda aliyeletwa Tanganyika na Vita Kuu ya Kwanza, akawa mwenye duka Dar es Salaam. Mwaka 1934 akaanzisha African Welfare and Commercial Association, chama cha ustawi na biashara cha Waafrika. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1937, akaanzisha gazeti la Kwetu, gazeti la kwanza Tanganyika kumilikiwa na Mwafrika, kwa Kiswahili, nalo likaendelea hadi mwanzoni mwa miaka ya 1950. Chama chenyewe hakikufika mbali. African Association, iliyoanzishwa mwaka 1929, ilikuwa na makarani na walimu wa serikali ndani yake, watu wa mshahara, na Fiah hakuelewana nao. Muuza duka na mtu wa mshahara wanaitazama tarehe 30 kwa macho tofauti kabisa. Mmoja anasubiri kupokea, mwingine anasubiri kulipwa madeni.

Hata hivyo angalia mfuatano wake. Duka, halafu chama cha wenye maduka, halafu gazeti. Tunapofundishwa historia ya magazeti ya Kiswahili tunaanza na wamisionari, tunaendelea na serikali, kisha harakati za uhuru, na kaunta ya duka hatuioni. Mimi sasa naiona. Mtu aliyezoea kuandika anayedaiwa na anayedai ameshajifunza nusu ya kazi ya mhariri. Dodoma yetu inakuja kwenye hadithi hii pembeni tu: mwaka 1945 African Association ilifanya mkutano wake mkuu hapa, na kutoka vikao vya namna hiyo ikakua siasa iliyoleta TANU mwaka 1954. Wenye maduka wakaingia kwenye chama cha nchi, na vyama vya maduka vikabaki nyuma.

Baada ya uhuru mambo yakaenda upande mwingine kabisa, na hapa nitapita haraka, si kwa sababu ni madogo. Kipindi hiki wazee wetu wanakikumbuka kwa foleni, na kila mtu ana yake. Serikali ilijenga ushirika wa bidhaa. Baada ya Azimio la Arusha, 1967, likaja Shirika la Biashara la Taifa, halafu miaka ya 1970 likagawanywa, kila mkoa ukapata kampuni yake ya biashara, RTC. Mwaka 1976 ikatangazwa Operesheni Maduka, kufunga maduka ya watu binafsi vijijini na kuweka ya ujamaa. Mwalimu Nyerere mwenyewe akaona kasi ile inaharibu na kuipunguza. Mwaka 1983 ikaja vita dhidi ya wahujumu uchumi. Saruji na bati vilikuwa vya kibali. Chama cha wafanyabiashara katika hali hiyo kingekuwa chama cha nini? Cha kuombea vibali?

Hapo ndipo neno bepari lilipotekwa. Asili yake ni Kigujarati, maana yake mfanyabiashara tu, na kamusi za zamani za Kiswahili zililitafsiri hivyohivyo bila ukali wowote. Lilipofika miaka ya 1960 na 1970 likawa jina la adui kwenye hotuba na kwenye katuni, mwenye tumbo na sigara. Sina ugomvi na waliotaka jina kwa ajili ya wanyonyaji. Walikuwepo, na wengine walikuwa wanene kweli. Ila walichukua neno lililokuwa la watu wa rejareja. Ndiyo maana mpaka leo katika Kiswahili tunasema "mfanyabiashara", neno refu kama barua ya maombi, mtu afanyaye biashara, kana kwamba alikuwa anapita tu akaanza kuifanya. Katika kuandika katiba nimelitumia mara arobaini na mbili. Nimehesabu.

Kigae kwa upande wake kimepanda cheo. Zamani kigae kilikuwa kipande cha chungu kilichovunjika, kitu cha kuchukulia kaa la moto kwa jirani, au cha kuezekea nyumba za wenye uwezo. Wagogo wa hapa walijenga tembe, paa bapa la udongo, na sakafu yake ilikuwa udongo uliopondwa na kupakwa mpaka ukang'aa. Nyumba za mjini zikaja na saruji iliyopakwa rangi nyekundu, na kila msichana aliyekulia nyumba hizo anakumbuka magoti yake na kopo la polishi. Vigae vya sakafu tunavyouza sisi, ambavyo wengine huviita marumaru ingawa jiwe la marumaru halimo ndani yake, vilikuwa vitu vya hoteli na vya mabalozi. Milango ya biashara ilipolegezwa kuanzia 1984, mwenye fedha zake za kigeni akiruhusiwa kuagiza bidhaa, vikaanza kuja kwa makontena, kidogokidogo. Wenye vyama rasmi wakarudi pia: TCCIA, chemba ya wenye biashara, viwanda na kilimo, ilianzishwa mwaka 1988. Ni chombo kikubwa na chenye heshima, na sijawahi kumsikia muuza vigae wa barabara hii akikipigia simu kuhusu namba ya bechi.

Sisi tuliletwa na mwaka 2016. Mwezi Julai mwaka ule Rais Magufuli alitangaza hapa Dodoma kwamba serikali inahamia, jambo lililokuwa limeamuliwa tangu 1973 na kubaki kwenye makaratasi ya CDA kwa zaidi ya miaka arobaini. Mei 2017 CDA yenyewe ikavunjwa. Aprili 2018 Dodoma ikawa jiji. Watumishi wakashuka na familia zao, viwanja vikapimwa, na Miyuji, iliyokuwa pembeni, ikajikuta njiani. Wakati huohuo viwanda vya vigae vikasimama hapahapa nchini, Goodwill kule Mkuranga na Twyford kule Chalinze. Muuza vigae mdogo hakuhitaji tena kusubiri kontena bandarini wala kumfahamu mtu mwenye kontena. Akihitaji mzigo, anachangia lori na wenzake wawili, usiku lori linapanda Morogoro, asubuhi liko Dodoma. Umoja wetu ulianzia kwenye lori hilo, kwa kugawana mzigo na kujua nani kabeba bechi gani.

Ila Jumuiya ya Wafanyabiashara, ile ya taifa, ilikuwa imeshaanza kutikisa kabla yetu, na tena kwa sababu ya kitabu. Mwaka 2010 ziliingia mashine za kutolea risiti za kodi, kwanza kwa wakubwa waliosajiliwa kwa VAT, na kuanzia 2013 zikaanza kushuka kwa wadogo. Malalamiko yalikuwa bei ya mashine na makadirio. Maduka yakafungwa, Kariakoo na mikoani. Mwanzoni mwa 2015 mwenyekiti wa taifa wa jumuiya alipandishwa kizimbani hapahapa Dodoma akidaiwa kuwachochea wafanyabiashara, na maduka yakafungwa tena katika miji kadhaa. Mzee wetu mwenyekiti alikuwa na duka la vifaa vya umeme wakati huo. Anasema alifunga, akakaa nje kwenye kiti siku nzima kulinda kufuli.

Tarehe 15 Mei 2023 Kariakoo ikafunga. Safari hii walilalamikia kikosi kazi cha kodi na agizo la kusajili stoo. Siku mbili baadaye Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alikuwa Mnazi Mmoja akiwasikiliza mmoja mmoja, na nchi nzima ikatazama wauza duka wakipewa kipaza sauti. Niliangalia kwenye simu, nikiwa nimekaa juu ya maboksi. Hartali ile ya kwanza ilikuwa imetimiza miaka mia moja ya kawaida, karibu mwezi uleule, na sikumsikia hata mtu mmoja akiitaja. Ugomvi wa 1923 ulikuwa daftari lisomeke. Wa 2013, mashine iandike badala yako. Wa 2023, na stoo nayo ijulikane. Nasema haya bila kusema serikali ina makosa. Barabara ninayouzia ilijengwa kwa kodi, na muuza vigae mwenzangu asiyetoa risiti ananiharibia bei. Nataka tu kuonyesha ni ugomvi mmoja: nani anasoma yaliyo ndani ya duka, na anayasoma kwa lugha gani.

Juni 2024 Kariakoo ikafunga tena, tarehe 24, na moto ukasambaa mikoani. Sisi nasi tukafunga. Nitasema kilichotokea baadaye, lakini kwanza kisa cha guta, kwa sababu ndicho kilichotusukuma kwenye usajili kuliko mgomo wenyewe.

Kijana wa duka la jirani alikuja kuchukua maboksi matatu ya kuazima. Nikaandika kwenye daftari, akapakia kwenye guta. Hakufika mita mia mbili akakutana na wakaguzi. Risiti? Hana. Umenunua wapi? Sijanunua, nimeazima. Wakacheka, kwa haki kabisa, maana ni nani anaazima vigae. Akawaleta kwangu. Nikafungua droo, nikawaonyesha kaunta buku, mstari wenyewe wino haujakauka. Mmoja wao, kijana mpole, alisoma kurasa tatu nzima kwa kidole. Akaniambia, "Mama, nimeelewa. Naona mnarudishiana. Lakini hii siyo hati." Mwenzetu akatozwa faini. Baadaye mhasibu mmoja alituelekeza kwamba kila mzigo unaohama uandikiwe hati ya kupeleka mzigo, yenye namba, nakala mbili. Ni kweli na ni rahisi. Sasa tunavyo vitabu viwili: hati za namba kwa ajili ya njiani, na lile la droo kwa ajili yetu. Nimejaribu kuacha lile la droo nikashindwa. Hati inasema mzigo umetoka. Haisemi kwamba yule aliyeazima leo ndiye aliyeniazima mimi mwezi Februari.

Basi nikaleta rasimu kwenye kikao. Tulikaa nyuma ya duka la mzee, kwenye benchi na maboksi, chai na maandazi. Sehemu ya historia nilikuwa nimeiandika kurasa mbili: lori, bechi, misiba tuliyozika pamoja, mgomo mstari mmoja. Mwenzetu mmoja, kijana mwenye duka kubwa kutuzidi, hakuridhika. Akasema mgomo ndiyo siku tuliyokuwa chama kweli, hivyo iandikwe kwa kirefu, na yaandikwe majina ya waliofunga. "Na ya waliofungua pia," akaongeza, "vizazi vijue." Kila mtu alijua anamsema nani. Mama mmoja wa upande wa Mipango siku ya pili ya mgomo alionekana mlango wake uko nusu, anatoa maboksi mawili. Mteja wake alikuwa na msiba, mwili unakuja kutoka hospitali, na fundi amebakiza chumba cha mbele. Mama yule alikaa kimya, anageuza kikombe.

Sasa ugumu wangu ni huu. Maboksi yale mawili hayakuwa yake. Bechi ile alikuwa ameishiwa. Aliyaazima, na mimi ndiye niliyeandika, kwa sababu alinipigia usiku kuniambia niandike. Aliyemwazima alikuwa mwenyekiti wetu mwenyewe, kufuli mbele, mlango wa nyuma wazi.

Nilikuwa na daftari kwenye mfuko wa kanga. Ningeweza kusoma mstari ule kwa sauti, kijana akanyamaza, na mzee akaaibika mbele ya watu aliowazidi umri wote. Ningeweza pia kuliacha mfukoni na kuandika majina kama alivyotaka, na mama yule angebaki peke yake kwenye karatasi kwa miaka yote ambayo karatasi itadumu. Nikafikiria wale waliokaa mwezi mzima mwaka 1923. Haiwezekani hakuna hata mmoja aliyemtolea jirani unga kwa mlango wa nyuma. Kama waliandika, waliandika kwa Kigujarati, na labda ndiyo sababu nyingine ya kutotaka mkaguzi asome.

Nikatoa daftari, nikalifungua ukurasa ule, nikamwekea mzee mbele bila kusema kitu. Akatafuta miwani kwenye mfuko wa shati. Akasoma. Kijana akawa anatuangalia sisi wawili, akangoja. Mzee alikaa nalo muda mrefu kuliko mstari mmoja unavyohitaji.

"Haya maboksi mawili, dada katibu," akasema mwishowe, kwa sauti ya kila mtu kusikia, "niliyomwazima mama siku ile ya pili. Yalirudi?"

"Yalirudi, mzee. Wiki iliyofuata."

"Mbona hujaweka tiki?"

Nikachukua penseli nyekundu nikaweka. Kijana akaomba tuendelee na kifungu cha ada.